Breki Si Mlango wa Kufungwa

HUSEMWA kwamba ajali haina kinga. Ni msemo tuliouzoea mno matangani, na aghalabu hutamkwa kwa nia njema ya kuwaliwaza wafiwa. Hata hivyo, msemo huo ukitoka matangani na kuingia barabarani hugeuka sumu. Kijana anayeamini kwamba ajali haina kinga hana sababu ya kujifunza namna ya kuiepuka. Nami nashikilia kwamba ajali nyingi za pikipiki zina kinga, na kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo imo katika vidole vya mkono wa kulia na katika wayo wa mguu wa kulia, yaani pale zilipo breki mbili za pikipiki.

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati wenye baiskeli walipowavusha wasafiri baina ya Kenya na Uganda. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya thamani ya ziada kwa pikipiki zenye injini ndogo, chombo hicho kimechukua mahali pa baiskeli na kufika hata vijijini ambako matatu haijawahi kupita. Mwalimu wa shule ya mashambani hufika kazini kwa bodaboda. Mwanafunzi wa kutwa hupakiwa nyuma, mara nyingine pamoja na wenzake wawili, ilhali sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Na vijana wetu wamalizapo Kidato cha Nne, si wachache wanaoingia katika kazi hiyo wiki chache tu baada ya kuweka kalamu chini. Kwa hivyo, wanaokufa na kulemaa barabarani si watu wa mbali. Ni wanafunzi wetu wa jana.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu ana nini na breki? Swali ni la haki. Naam, mimi huendesha pikipiki, lakini si hilo hasa linalonipa idhini ya kuandika. Benjamin Lee Whorf, Mmarekani ambaye jina lake halikosekani katika mihadhara ya isimu, aliajiriwa na kampuni ya bima mjini Hartford akiwa mhandisi wa kuzuia moto. Katika kuchunguza visa vya moto, alibaini kwamba watu walijihadhari sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa tupu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke unaolipuka. Neno "tupu" liliwaambia kwamba hamna kitu, nao wakatenda kana kwamba hamna kitu.

Wanaisimu wamebishana kwa miongo mingi kuhusu madai mapana ya Whorf juu ya lugha na fikra, na mimi si mfuasi wake katika yote. Hata hivyo, funzo la mapipa yale halikanushiki kirahisi: neno lililozoeleka laweza kuuficha ukweli ambao ungeliokoa maisha. Ndivyo ilivyo, naamini, katika jinsi tunavyozungumza juu ya breki.

Tuyatazame maneno yenyewe. Tunasema kwamba dereva alikanyaga breki, au kwamba alifunga breki. Kitenzi cha kwanza, kukanyaga, tulikirithi kutoka kwa motokaa. Katika gari, kanyagio moja hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, na dereva hana haja ya kujua ni gurudumu lipi linalofanya kazi kubwa. Kitenzi hicho kilipohamia kwenye pikipiki kilibeba mguu wake. Lakini mguu wa mwendesha pikipiki hutawala gurudumu la nyuma peke yake. Gurudumu la mbele linatawaliwa na mkono. Anayeambiwa "kanyaga breki" akiwa juu ya pikipiki ameambiwa, bila ya msemaji kukusudia, atumie ile breki iliyo dhaifu zaidi na aisahau ile yenye nguvu.

Kitenzi cha pili kina hatari zaidi. Tunafunga mlango, tunafunga duka, tunafunga mzigo, na tunafunga breki. Mlango uliofungwa umefungwa. Neno hilo linatutia katika fikra ya mambo mawili tu: ama wazi ama kufungwa. Isitoshe, gurudumu likiacha kuzunguka na kuanza kuburura barabarani, tunasema pia kwamba gurudumu limefunga. Basi neno lile lile linaeleza tendo sahihi la kupunguza mwendo na kosa baya la kuteleza. Mwanafunzi atajuaje tofauti, na hali mwalimu wake ameyapa mambo hayo mawili jina moja?

Sasa tuingie katika fizikia, kwani hapa ndipo ukweli ulipojificha. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito wake huelemea mbele, kama vile abiria wa matatu wanavyoinamia mbele dereva anaposimama ghafla. Tuchukue mfano wa kukadiria. Pikipiki na mwendeshaji wake wana uzito wa kilo 200. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.3, na kitovu cha uzito kiko mita 0.65 juu ya ardhi. Ikiwa imesimama, kila gurudumu limebeba kilo 100. Mwendeshaji akifunga breki kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, gurudumu la mbele litaelemewa na takriban kilo 160, na la nyuma litabakiwa na kilo 40 hivi. Tairi hushika barabara kwa kadiri ya uzito unaoikandamiza. Kwa hiyo, kadiri tunavyopunguza mwendo, ndivyo tairi ya mbele inavyopata nguvu ya kushika, na ya nyuma inavyoipoteza.

Matokeo yake ni makubwa. Katika mfano huo huo, juu ya lami kavu ya kawaida, anayetumia breki ya nyuma peke yake hataweza kupunguza mwendo kwa zaidi ya mita 2.5 hivi kwa sekunde katika kila sekunde. Akizidisha, gurudumu litafunga na kuteleza. Wachukue waendeshaji wawili wanaokwenda kilomita 60 kwa saa, wakaanza kufunga breki mahali pamoja. Yule anayetumia breki zote mbili sawasawa atasimama baada ya mita 23. Yule wa mguu peke yake atahitaji kama mita 55. Pale mwenzake alipokwisha kusimama, yeye angali anakwenda karibu kilomita 46 kwa saa. Kama mahali hapo pana mtoto anayevuka barabara, hesabu hiyo si ya ubaoni tena.

Nimewauliza wahudumu wengi stejini ni breki ipi wanayoitegemea. Jibu ni lile lile karibu kila mara: ya mguu. Na nikiwauliza sababu, hunionya kwa upole: "Mwalimu, ile ya mbele itakumwaga." Wapo hata wanaoilegeza makusudi ili isishike. Sipendi kuwadharau watu hawa, kwa maana imani yao haikutoka hewani. Breki ya mbele ikinyakuliwa ghafla, kabla uzito haujafika mbele, gurudumu laweza kufunga na mtu akaanguka mara moja. Juu ya murram, mchanga, matope au lami yenye mafuta, au pikipiki ikiwa imeinama kwenye kona, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wamemwona mwenzao akianguka, nao wakatoa hukumu. Kosa lao ni kwamba wameihukumu breki badala ya kuuhukumu mnyakuo.

Wala kosa hilo si letu peke yetu. Mwaka 1981 nchini Marekani ilitolewa ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao ulichunguza papo hapo ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Iligunduliwa kwamba wengi wa waendeshaji, walipokabiliwa na hatari, waliifunga breki ya nyuma kupita kiasi hata gurudumu likateleza, huku wakiitumia ya mbele chini ya kiasi. Na asilimia 92 ya waendeshaji hao walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefunzwa na jamaa na marafiki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini barabara ni ulimwengu usiompa mwanafunzi nafasi ya kurudia mtihani.

Je, breki ya nyuma haina maana? La hasha! Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu wanaoanza kuisifu breki ya mbele mara nyingi huishia kuitupa ya nyuma, na hilo nalo ni kosa. Breki ya nyuma ndiyo mtulivu wa chombo. Ikiguswa kidogo kabla ya ile ya mbele, huizuia pikipiki isichomoke na kuinama pua kwa ghafla. Katika mwendo wa polepole, mathalan wakati wa kugeuza katika barabara nyembamba au kupenya kwenye msongamano, hiyo ndiyo breki ya kutegemewa, kwa kuwa ya mbele ikivutwa usukani ukiwa umekatwa humwangusha mtu papo hapo. Juu ya murram sehemu yake ya kazi huongezeka. Na abiria akikaa nyuma, uzito huongezeka juu ya gurudumu la nyuma, kwa hivyo breki hiyo hupata mahali pa kushikilia zaidi kuliko mwendeshaji akiwa peke yake.

Ugumu wake ni kwamba hutawaliwa kwa mguu. Vidole vya mkono vimezoea kupima. Vinashika kalamu, vinachambua mchele, vinabonyeza embe na kujua limeiva. Mguu, hasa uliovaa gambuti au buti zito, una hisia chache. Hata hivyo, waweza kufunzwa. Mtazame fundi cherehani: kwa wayo wake huiharakisha mashine, huituliza, huisimamisha sindano pale pale anapotaka. Hakanyagi cherehani kama mtu anayeua nge. Mguu wa mwendesha pikipiki unahitaji adabu ile ile.

Hisia hiyo hutofautiana kulingana na aina ya breki. Pikipiki nyingi za bodaboda zina dramu nyuma, na baadhi zina diski mbele. Katika dramu, viatu viwili hutanuka na kusugua ukuta wa ndani, na kimoja kati ya hivyo huvutwa na mzunguko wenyewe kikajikaza. Ndiyo maana dramu huweza kuonekana haishiki, kisha ghafla ikashika mno. Katika diski, mafuta ya breki husukuma pedi zikaibana sahani ya chuma pande zote mbili, na nguvu ya kubana hufuata nguvu ya mguu hatua kwa hatua. Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilipotoa pikipiki yake ya CB750 yenye diski, iliiweka mbele na kuacha dramu nyuma. Wahandisi walipeleka breki bora kwenye kazi kubwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1975, Gold Wing ya kampuni hiyo hiyo ilikuja na diski mbele na nyuma.

Wenye pikipiki kubwa zenye diski nyuma hulalamika mara kwa mara kwamba kanyagio ni gumu, halijibu, na breki yenyewe ni dhaifu. Aghalabu huo si ugonjwa. Watengenezaji huifanya diski ya nyuma kuwa ndogo na nguvu yake kuwa ya wastani, kwa kuwa breki kali juu ya gurudumu lililobakiwa na kilo 40 ingefunga kila mara. Lakini zipo dalili ambazo ni za ugonjwa kweli, na mguu uliofunzwa huzitambua mapema. Kanyagio likiwa laini kama sponji, yamkini hewa imeingia katika paipu. Likizama polepole baada ya mteremko mrefu, huenda mafuta ya breki yamechemka. Likiwa gumu na pikipiki haipungui mwendo, pengine pedi zimelowa oili iliyorushwa na cheni, au zimeungua na kuwa kama kioo.

Juu ya mafuta hayo sharti niongeze neno. Aina zinazotumika sana hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake chaweza kuteremka hadi 155. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama yanaonekana yamejaa. Mwendeshaji anayeteremka kuelekea Mai Mahiu huku ameegemeza mguu juu ya kanyagio njia nzima anayapika mafuta hayo, na anapofika chini, pale anapoyahitaji, hupata kanyagio lisilo na kitu. Afadhali ateremke kwa gia ndogo, injini imshikilie, na breki zitumike kwa vipindi.

Basi, njia iliyo sahihi ni ipi? Kwanza, pikipiki iwe imenyooka na macho yatazame mbali. Achilia moto. Mguu uguse breki ya nyuma kwa upole, na papo hapo vidole vianze kuiminya ya mbele, si kuinyakua. Pua ya pikipiki itashuka kidogo: hiyo ni ishara kwamba uzito umefika, na sasa mkono waweza kuongeza. Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawakuambiwa. Shinikizo la mguu lililokuwa salama mwanzoni huwa limezidi muda mfupi baadaye, kwa sababu gurudumu la nyuma limeshapoteza uzito. Kwa hiyo, kadiri mkono unavyozidi, mguu na upungue.

Gurudumu la mbele likifunga, achilia mara moja kisha minya upya. La nyuma likianza kuteleza na pikipiki ingali imenyooka, legeza mguu taratibu. Likiwa limekwisha kuchomoka upande, usiliachilie ghafla, kwani likishika tena laweza kumrusha mtu upande wa pili. Kona ifungiwe breki kabla ya kuingia, si ndani yake. Juu ya murram mkono uwe mwepesi zaidi, na mwendo upunguzwe mapema. Haya yote hayajifunzwi siku ya hatari. Hujifunzwa katika uwanja mtupu, kofia ngumu kichwani, mkufunzi akiwa kando, kuanzia kilomita 20 kwa saa na kupanda polepole, mpaka mkono na mguu vizoee kuzungumza.

Najua kwamba upo ufundi wa kisasa unaomsaidia mwendeshaji. BMW ilileta mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasifunge, katika pikipiki zake mwaka 1988. Nchini India, zinakotengenezwa nyingi za pikipiki za bodaboda, sheria iliyoanza mwaka 2018 kwa modeli mpya na 2019 kwa zote ilidai ABS kwa injini zinazozidi sentimita za ujazo 125, na angalau mfumo wa kuziunganisha breki mbili kwa zile ndogo. Lakini sheria hiyo ni ya barabara zao. Haipandi meli pamoja na pikipiki. Wahudumu wetu wengi wanategemea mkono na mguu wao, na kwa hivyo wanategemea maneno waliyofunzwa nayo.

Ndipo ninaporudi katika taaluma yangu. Kiswahili hakikosi maneno ya kupima. Hata mlango, ambao nimeulaumu, una kitenzi chake cha katikati: tunaweza kuushindika, yaani kuusukuma bila kuutia komeo. Tuna kuminya, kubonyeza, kubana, kukaza, kulegeza. Kila kimoja kina kiasi ndani yake. Napendekeza kwamba wakufunzi wa shule za udereva waache kumwambia mwanagenzi wa pikipiki akanyage au afunge breki. Wamwambie aminye ya mbele na abonyeze ya nyuma, na wabakishe neno kufunga kwa gurudumu lililoacha kuzunguka. Hapo mwanagenzi atakuwa na jina la kitendo anachopaswa kufanya na jina jingine la kosa anachopaswa kuepuka.

Walimu wa shule za sekondari nao wana kazi. Mwalimu wa fizikia anayesaka mfano wa msuguano na kitovu cha uzito asiende mbali hadi kwenye vitalu vya mbao vinavyoteleza juu ya meza. Pikipiki imeegeshwa nje ya lango la shule. Awape wanafunzi zile kilo 200 na mita 1.3, wapige hesabu wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili atumie kipindi kimoja kuvichambua vitenzi hivi, aone jinsi darasa litakavyochangamka. Na mwanafunzi anayepanda bodaboda ajue kwamba yeye pia ni sehemu ya hesabu: akae karibu na mwendeshaji, ajishikilie, avae kofia ngumu, na akatae kuwa abiria wa tatu.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Shule zetu zina nta nyingi. Vijana walioko stejini leo walipita mikononi mwetu wakajifunza kanuni za Newton na ngeli za nomino, kisha wakaenda kufunzwa breki na rafiki kwa dakika kumi, kando ya barabara. Tuwape wadogo wao hayo mapema, wangali mbele yetu darasani.